Utitiri Anakunywa kwa Kuku, Analala Ukutani

     Vuta kiti, ndugu msikilizaji. Na kama una mtoto anayejua kuandika, mwambie ashike kalamu, maana leo kuna mambo ya kuandika.

Nianze na swali. Mama uliyefungua banda asubuhi hii, kuku wako wametokaje? Wametoka mbio wakitafuta chakula, au wametoka wamelegea, wanajidonoa chini ya mabawa na kujikung'uta? Upanga wa jogoo bado ni mwekundu, au umeanza kufifia rangi? Na yule tetea uliyemwekea mayai pembeni ya jiko, bado ameatamia, au amesusa?

Nauliza hayo kwa sababu leo tunamzungumzia utitiri. Kila mfugaji wa kuku katika mkoa wetu wa Kagera anamjua utitiri. Wengi tumeng'atwa naye, tumejikuna, tumemlaani. Lakini nimeona kwamba wengi wetu tunapambana naye mahali asipokuwapo. Tunamshika kuku, tunampaka dawa, tunamwachia, tunaona kazi imekwisha. Baada ya wiki mbili utitiri amerudi, tena kwa wingi kuliko mwanzo. Tunasema dawa ni feki. Pengine dawa haikuwa feki hata kidogo. Tuliiweka mahali pasipo pake.

Basi andika neno hili la kwanza, nami nitalirudia mpaka mlizoee: utitiri anakunywa kwa kuku, analala ukutani. Chakula chake ni damu ya kuku, lakini makazi yake ni nyumba ya kuku. Mchana kutwa yumo kwenye nyufa za ukuta, kwenye maungio ya fito, chini ya magome ya miti iliyojengea banda, ndani ya majani ya kiota. Usiku giza likiingia, kuku wakitulia, anatoka, anapanda, anakunywa damu kwa muda mfupi, kisha anashuka na kurudi alikotoka. Kuku ukimkamata saa nne asubuhi ukampekua unyoya kwa unyoya, unaweza usimwone hata mmoja. Ukasema kuku wangu ni wazima. Kumbe adui amelala hapo nyuma yako, ukutani, ameshiba.

Sasa tumtazame kwa karibu. Utitiri aliyekomaa ana urefu wa kama milimita 1 tu. Akiwa na njaa ana rangi ya kijivu, unaweza kumdhania vumbi. Akishakunywa anakuwa mwekundu, na damu ikianza kusagika tumboni anaelekea weusi. Ana miguu minane, kama kupe, kwa maana ni wa jamii moja na kupe. Jike akishakunywa hurudi mafichoni akataga mayai manne hadi manane kwa mara moja, kisha anatoka tena kunywa, anarudi kutaga tena. Mahali penye joto la wastani na unyevu, tangu yai kutagwa mpaka mdudu kukomaa ni siku 7 hadi 10 tu. Na sisi wa Bukoba tunalijua joto la wastani, tunaujua na unyevu! Mvua yetu ni ya mwaka mzima, hata miezi inayoitwa ya kiangazi ziwa linatuletea ubichi. Hali ya hewa inayostawisha migomba yetu inamstawisha na utitiri.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: utitiri anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunywa damu. Kwa hiyo yule anayesema, "Nimeuza kuku wote, banda limekaa wazi miezi miwili, sasa ni salama," asubiri kwanza. Alete kuku wapya usiku mmoja tu, atajua kama nyumba ilikuwa na wenyewe au haikuwa nao.

Nirudi kwa yule tetea anayeatamia, kwa kuwa hapo ndipo hasara kubwa ilipo, na hapo ndipo watu wanapomwonea kuku. Niambie, mama yangu: umewahi kuwa na tetea aliyeatamia vizuri wiki ya kwanza, wiki ya pili akaanza kutokatoka, wiki ya tatu akasusa kabisa, mayai yakapoa yakawa viza? Ulisema nini? Wengi husema, "Kuku huyu hana moyo wa kulea." Anapelekwa sokoni, au anaingia sufuriani. Kisha anawekwa tetea mwingine pale pale, kwenye kikapu kile kile, juu ya majani yale yale ya mgomba. Naye anasusa. Hapo watu wanaanza kumtazama jirani kwa jicho la mashaka. Waitu, mwacheni jirani. Inua yale majani.

Inua uangalie chini yake. Utaona kitu kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga iliyosagwa, kijivu na cheusi na cheupe. Usiondoke haraka. Inama, tulia kidogo. Ile pilipili inatembea. Sasa chukua kipande cha karatasi nyeupe, kiweke juu yake ukiminye kwa kidole. Karatasi ikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya tetea wako.

Fanya hesabu pamoja nami. Kuku huatamia siku 21. Utitiri humaliza mzunguko wake kwa siku 7, tuseme 10 kukiwa na baridi kidogo. Maana yake, wakati tetea mmoja anaangua kifaranga chake cha kwanza, utitiri waliokuwa wachache siku ya kwanza wameshazaa, watoto wao wamezaa, na wajukuu wako njiani. Na kuku anayeatamia haendi kulala juu kwenye fito, haendi kuoga vumbi kama wenzake, hali vizuri, amejifunga pale usiku na mchana kwa ajili ya watoto wake. Wananyonya damu ya mama ambaye hawezi kuondoka. Akivumilia mpaka mwisho, vifaranga wakatoka, wanatoka juu ya jeshi la wadudu. Kifaranga wa siku moja ana damu kiasi gani? Asubuhi unawakuta wawili wamekufa, kesho yake watatu, hawana jeraha wala hawaharishi. Unasema ni ugonjwa wa mdondo. Mdondo upo na unaua, nitaugusia. Lakini kifaranga aliyekauka damu ukimfunua mdomo ndani ni mweupe, na kiota chake kinatembea.

Kwa hiyo tetea aliyesusa mayai mara nyingi ni tetea aliyevumilia mpaka akashindwa. Msimseme vibaya.

Haya. Tutajuaje kwa hakika kwamba banda lina utitiri? Nawapa kazi ya jioni ya leo. Subiri kuku walale, hata saa tatu usiku hivi, giza liwe giza kweli. Chukua tochi, ya simu inatosha, na kitambaa cheupe au karatasi nyeupe. Ingia bandani polepole usiwashtue. Pitisha kitambaa kwa chini ya fito wanazolalia, hasa pale fito inapokutana na ukuta. Kitazame kwenye mwanga. Ukiona wekundu, umepata jibu. Mulika na miguu ya kuku, mulika na nyufa zilizo karibu na fito. Mchana ungeona ukuta mtupu. Usiku ukuta huo huo una safari. Nasema tena: utitiri anakunywa kwa kuku, analala ukutani.

Najua atatokea msikilizaji wa kuuliza, "Mbona mimi nimewaona mchana, wamemganda kuku usoni, weusi, kuzunguka macho na upanga?" Hao ni viroboto wa kuku, wale wanaong'ang'ania wasitoke. Na wale wa rangi ya majani makavu wanaokimbia kwenye ngozi ukifunua manyoya ni chawa, hao hukaa mwilini mwa kuku siku zote, hawashuki. Wapo pia utitiri wa aina nyingine wanaopenda kubaki mwilini, hasa kwenye manyoya yaliyo karibu na njia ya haja. Kwa hao wote, dawa ya kumpaka kuku ina kazi yake. Ndiyo maana kupekua chini ya mkia na chini ya bawa ni lazima. Lakini ukiwa na yule wa usiku, hata umpake kuku kila Jumapili, bila kugusa nyumba unajisumbua.

Tufanyeje sasa? Kalamu ishikwe.

Chagua siku ya jua, siku ambayo hata nguo zinakauka Bukoba. Asubuhi watoe kuku wote nje. Toa kila kitu bandani: fito, vikapu, majani, magunia, yale makopo ya kunyweshea maji. Majani ya viota yachome moto siku hiyo hiyo. Usiyatupe kibanjani kando ya banda, kwa maana jioni wataanza kurudi kwa miguu. Samadi ya sakafuni ikwangue yote. Fito kuukuu zilizotoboka na zenye magome ni heri uzichome ukate nyingine. Na hizo mpya zimenye magome zibaki laini, utitiri asipate pa kuingiza kichwa. Kama fito bado ni nzuri, zimwagie maji yanayochemka, zigeuze, zimwagie tena, uzianike juani.

Kisha ukuta. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mabanda yetu mengi ni ya miti iliyokandikwa udongo, na udongo ukikauka unapasuka. Kila ufa ni chumba cha kulala. Mwagia nyufa maji ya moto kadiri ukuta unavyovumilia, au piga dawa ya wadudu ya kuku uliyoelekezwa dukani, ukielekeza ndani ya ufa na sio katikati ya ukuta ambako hakuna kitu. Ukimaliza, kanda udongo laini uzibe nyufa zote, uulainishe ukuta kwa kiganja. Mwenye uwezo wa kununua chokaa apake chokaa juu yake, mkono mmoja leo na mwingine kesho. Ukuta uliosilibwa vizuri unamnyima utitiri nyumba, na ukimnyima nyumba umemshinda zaidi ya dawa yoyote ya unga.

Halafu fito zirudi, lakini zisigusane na ukuta. Hili naliomba sana. Zijengee kichanja chake chenye miguu, kisimame katikati ya banda, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Mafundi wa magari wanaimwaga kila siku, omba kidogo. Utitiri harukiruki wala haruki kwa mabawa, anatembea tu. Akikuta oili hapiti. Funika makopo kwa juu kwa kipande cha bati au plastiki ili kuku wasichafuke na vifaranga wasitumbukie, na wale waliosalia ukutani hawatawafikia kuku waliolala juu ya kichanja.

Jambo la mwisho la siku hiyo, ambalo watu hulisahau na kupoteza jasho lao lote: rudia. Maji ya moto na dawa huua wadudu waliotoka, lakini mayai yaliyofichika ndani mengine yanapona. Baada ya siku 7 yatakuwa yameanguliwa. Kwa hiyo ukifanya kazi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo rudi na maji yako ya moto na dawa yako, na Jumamosi ya tatu vilevile. Kazi ya Jumamosi ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, lakini ndiyo inayomaliza mchezo. Ukiiacha, umewaandalia watoto wa utitiri nyumba safi.

Kwa tetea wa kuatamia, usimwekee mayai kwenye kikapu cha zamani. Tumia beseni bovu au karai, kitu kisicho na matundu ya kusukwa. Tia majivu makavu chini, weka nyasi mpya kavu juu, mpake tetea dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa kuku siku mbili tatu kabla hajaketi, uisugue chini ya mabawa na kuzunguka mkia. Kiota kiwe mbali na ukuta. Siku ya saba au ya nane, akitoka kula, inua nyasi utazame. Ukikuta dalili, badilisha nyasi palepale. Mayai yake yaweke upande, dakika chache hayataharibika.

Na wale wengine wasioatamia, wape mahali pa kuoga vumbi. Kuku ni fundi wa kujitibu akiachiwa nafasi. Shida yetu huku ni mvua: shimo la vumbi lisilo na paa baada ya nusu saa ni tope. Chimba chini ya upenuo wa nyumba au waezekee kibanda kidogo, uchanganye mchanga mkavu na majivu makavu ya kuni. Nasisitiza makavu. Majivu yaliyolowa yanachoma ngozi.

Sasa niseme kwa uchungu kidogo juu ya mambo ninayoyaona na ambayo yakome. Kumpaka kuku mafuta ya taa. Jamani, mafuta ya taa yanababua ngozi, kuku anavuta mvuke wake usiku kucha, na wengine hufa, kisha lawama anapewa utitiri. La pili, kuchukua dawa ya kunyunyizia kahawa au dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuipima kwa kizibo cha soda, "kidogo tu," kisha kuimwagia kuku. Kuku ana uzito gani ukilinganisha na ng'ombe? Na mayai atakayotaga kesho atayala nani? Mtoto wako. Sumu inayoingia kwa kuku inaingia kwenye yai.

Msidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji, nchi zenye mabanda makubwa ya kisasa, waliopewa kazi ya kusafisha mabanda dhidi ya utitiri huyu huyu wa kuku walitumia dawa iitwayo fipronili. Dawa hiyo hutumika kwa viroboto wa mbwa na paka, na haikuruhusiwa kabisa kwa mnyama anayeliwa. Ilipogundulika ndani ya mayai, mayai mamilioni yaliondolewa madukani Ulaya, mengi yakaharibiwa, na wafugaji wasiojua lolote wakafungiwa mashamba. Ndiyo maana nasema: nenda duka la dawa za mifugo, sema wazi "nataka dawa ya utitiri ya kuku wa mayai," soma karatasi au mwombe kijana wa sekondari akusomee, ujue ni siku ngapi usile mayai wala nyama baada ya kuitumia. Ukiwa na shaka, afisa mifugo wa kata yako yupo kwa kazi hiyo. Na dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Watoto wanakunywa.

Kuna kundi lingine la wafugaji ambao huenda mkashangaa nikiwataja. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga nyoka majumbani, hata chatu. Kwetu chatu ni mnyamapori, hafugwi bila kibali, na sijaja hapa kuwashawishi. Lakini nyoka wale nao wana utitiri wao, weusi, wanaojibana chini ya magamba, kuzunguka macho na chini ya kidevu, na nyoka akizidiwa hujitumbukiza kwenye bakuli lake la maji akakaa humo siku nzima. Na jike wa utitiri huyo, kama wa kuku, humwacha mnyama akaenda kutaga kwenye nyufa za sanduku. Wafugaji wale wanatupa matandiko yote, wanatandika karatasi nyeupe ili waone kinachotembea, wanaosha sanduku kwa maji ya moto, wanarudia. Na wana sheria moja kali sana: nyoka mgeni haingii chumba cha wenzake. Anakaa peke yake wiki nyingi, anachunguzwa kwanza.

Hiyo sheria ya mgeni sisi hatuna, na tunaihitaji. Fikiria kuku anavyosafiri hapa kwetu. Shangazi amekuja kutoka Nshamba na jogoo mkononi, zawadi. Umenunua matetea watatu gulioni, waliokuwa wamefungwa miguu pamoja na kuku wa vijiji vitano. Kijana ameazima tenga la jirani kupelekea kuku mjini, amerudisha tenga tupu, tupu kwa macho. Zawadi ya shangazi haikataliwi, sisemi ikataliwe! Mpokee jogoo kwa heshima zote, mpake dawa, mfunge mahali pake mbali na banda wiki mbili, ukimtazama. Tenga lichemshiwe maji kabla halijaingia uani.

Na ndugu zangu wa Muleba ninyi mna somo mkononi. Mnyauko wa migomba ulipoingia kwetu Kagera mwaka 2006, ulianzia kwenu. Mlijifunza kwa maumivu kupitisha kisu motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mlijifunza kwamba ukikata maua dume kibanjani kwako na jirani asikate, bado hamjapona. Vijiji vikakaa, vikakubaliana. Utitiri si mnyauko, hamalizi shamba, lakini kuku wetu wanachangamana mchana kutwa, majogoo hawajui mipaka. Kaya tano au sita zilizopakana zikichagua Jumamosi moja, zikachoma viota na kuziba nyufa siku hiyo hiyo, zitapumzika kwa miezi. Kaya moja peke yake itapumzika wiki.

Nipite haraka kwenye miguu ya kuku. Ukiona magamba ya miguu yamenyanyuka, yamevimba, yana unga mweupe, kuku anachechemea, huyo ni mdudu mwingine wa ukoo wa utitiri anayechimba chini ya magamba. Huyu haondoki kwenye mguu, kwa hiyo tibu mguu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, sugua polepole kwa mswaki wa zamani bila kung'oa magamba, kausha, paka Vaseline au mafuta ya kupikia mazito mguu mzima ili mdudu akose hewa. Rudia kila wiki mpaka magamba yalale, huchukua wiki kadhaa. Mafuta ya taa hapana, hata hapa hapana.

Mnajiuliza pia juu yenu wenyewe. Utitiri wa kuku anatung'ata, anawasha, watoto wanaolala jikoni karibu na kuku wanaamka na vipele. Lakini hawezi kuishi kwa damu ya mtu wala kuzaliana mwilini mwetu. Fua nguo na mashuka kwa maji ya moto, watoe kuku kwenye nyumba ya kulala, tibu banda, naye atakwisha. Najua wazee wetu katika msonge walilala paa moja na mbuzi na kuku. Nyasi za sakafuni zilitolewa zikatandikwa mpya, na sehemu ya uzima wao ilikuwa hapo. Sisi tumejenga kwa matofali na bati, kuku tumewaacha jikoni, na nyasi za kiota hatubadilishi.

Nimeahidi kuugusia mdondo. Chanjo yake iitwayo I-2, ya tone moja jichoni, inapaswa kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Siku hiyo unamshika kila kuku mkononi, mmoja mmoja. Hakuna siku nyingine katika mwaka ambayo kila kuku wako anapita mikononi mwako! Basi usidondoshe tone ukamwachia. Funua bawa. Funua chini ya mkia. Tazama ndani ya mdomo, ni wa waridi au mweupe? Tazama magamba ya miguu. Dakika moja kwa kila kuku, na usiku wa siku hiyo pitisha kitambaa cheupe chini ya fito.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa kila mara, na la haki, kwa kuwa kibanja bila samadi hakizai: "Ile samadi niliyokwangua bandani, yenye utitiri, nayo niichome?" Hapana, mzee wangu, usiichome, ni mali. Ipeleke mbali na banda, hatua 30 au zaidi, uirundike na majani mabichi na takataka za jikoni, uifunike kwa majani ya migomba. Rundo likipata joto lake la ndani, mdudu na mayai yake wanapikwa humo. Ligeuze baada ya wiki mbili, la nje liende ndani, uliache lipike tena. Likipoa na kunukia udongo, peleka kwenye mashina ya migomba, ufukie.

Muda wetu umefika, ndugu wasikilizaji. Juma lijalo siku na saa hii hii, tutazungumza juu ya vifaranga katika wiki zao nne za mwanzo: wale nini, walale wapi, na namna ya kuwakinga na mwewe. Wenye maswali juu ya utitiri mtuletee, na mtuambie kitambaa cheupe kimesema nini usiku wa leo.